Nyanya, Mbegu na Majira: Habari za Mmea Mgeni katika Viunga vya Dar es Salaam

Katika makala haya nakusudia kueleza habari za nyanya: jinsi mmea huu ulivyofika kwetu, jinsi ulivyopata jina lake, na jinsi watu wa viunga vya Dar es Salaam walivyojifunza kuusia, kuuatika na kuulea katika nchi ambayo kwa miezi mingi ya mwaka haiupendi. Msomaji wa jarida la lugha asistaajabu kuona mwalimu wa isimu ameingia bustanini. Neno la mkulima lina historia yake, na aghalabu historia hiyo haikuandikwa mahali pengine popote ila katika neno lenyewe. Neno likipotea, na habari hupotea nalo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu mjini Edinburgh, nilipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mpenda bustani. Kila mwezi wa Machi, wakati nje kungali na sakitu juu ya majani, alikuwa akisia mbegu za nyanya katika visanduku vya udongo na kuvipanga dirishani penye jua. Aliniambia kwamba nyanya ni mmea wa joto. Kwamba majira ya joto ya kwao ni mafupi mno. Na kwamba mtu asiyetanguliza miche ndani ya nyumba wiki sita au nane kabla ya baridi kuisha, hatavuna ila matunda mabichi. Niliyashika maneno hayo. Niliporudi nyumbani na kupata kiwanja upande wa Temeke, nikajisemea moyoni: ikiwa nyanya yapenda joto, basi hapa imefika peponi. Nikasia mwezi wa Desemba, nikaatika mwezi wa Januari. Miche ikastawi vizuri sana, ikatoa maua mengi. Kisha maua yote yakapukutika, nisipate tunda hata moja.

Jirani yangu, bibi mtu mzima aliyezaliwa huko huko Temeke, alisimama ugoni akaitazama bustani yangu. Nilipomwamkia shikamoo, aliitika marahaba, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, umeziatika na kaskazi. Nyanya ni mtoto wa kipupwe." Sentensi hiyo fupi ndiyo iliyonitia katika uchunguzi huu. Maana bibi huyu hakusema habari za nyuzi za joto, wala za chavua, wala za miezi ya Kizungu. Alitumia maneno mawili ya majira ya Pwani, na ndani ya maneno hayo mawili mlikuwa na elimu yote niliyoikosa.

Asili ya mmea

Nyanya asili yake ni bara la Amerika. Jamaa zake wa porini humea katika nchi za milima ya Andes, upande wa Peru na Ekwado. Lakini waliolima nyanya kubwa za kuliwa na kuzipa sifa walikuwa watu wa Meksiko. Katika lugha yao ya Kinahuatl waliziita kwa neno *tomatl*, nalo ndilo mzazi wa *tomate* la Kihispania na *tomato* la Kiingereza. Wahispania waliuteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, na baada ya hapo mmea ukavuka bahari. Mwaka 1544 mganga wa Kiitalia, Mattioli, aliutaja katika kitabu chake, akauweka pamoja na mabiringani. Waitalia baadaye wakauita *pomodoro*, yaani tunda la dhahabu, na Waarabu wa Shamu wakalichukua neno hilo wakasema *banadura*, ilhali wenzao wa Misri wakashika *tamatim*. Wahindi nao wakasema *tamatar*. Hivyo karibu kila taifa lililopokea mmea lilipokea na jina, ama la Kinahuatl ama la Kiitalia, likaligeuza kidogo kulingana na ulimi wake.

Sasa tutazame Kiswahili. Wareno walifika Pwani yetu mwaka 1498, na kwa njia yao tulipata mimea mingi ya Amerika pamoja na majina yake: mbatata, papai, pera. Mahindi nayo ni mmea wa Amerika, lakini jina lake laonyesha kuwa watu wa Pwani waliuhesabu kuwa umetoka Bara Hindi. Lakini nyanya haikupewa jina la Kireno, wala la Kiarabu, wala la Kihindi. Hatusemi *tomate*, wala *tamati*, wala *banadura*. Majirani zetu wa kusini wanaosema Kichewa wana *matimati*, ambalo ni neno la kigeni waziwazi, ingawa wanalo pia neno lao wenyewe, *phwetekere*. Sisi tuna maneno mawili tu: *nyanya*, linalotumika Bara na sehemu kubwa ya Pwani, na *tungule*, linalotumika Unguja na Pemba. Yote mawili yana umbo la Kibantu. Jambo hili lataka maelezo.

Jina la mgeni

Naelekea kuamini kwamba maneno haya mawili yalikuwako kabla ya nyanya yenyewe kufika. Zipo hoja tatu.

Ya kwanza ni habari ya *nyanya chungu*. Mmea huu, ambao watu wa Dar es Salaam huuita pia *ngogwe*, ni wa asili ya Afrika. Umelimwa na kuliwa katika bara hili tangu zamani za kale. Lakini leo ndio uliolazimika kubeba sifa, ukaitwa "chungu", na mgeni kutoka Amerika amekalia jina tupu lisilo na sifa. Mambo ya namna hii hutokea katika lugha nyingi wakati mgeni anapompita mwenyeji kwa umaarufu. Tumeyaona katika *viazi*: mbatata ilipoenea mijini, kiazi cha zamani kikaanza kuitwa kiazi kitamu, ili kisichanganywe na kiazi mviringo. Mgeni huja na sifa. Akizoeleka huivua sifa hiyo, na mwenyeji huvikwa nyingine.

Hoja ya pili ni ndugu za neno. Kiganda wana *ennyaanya*, na Kinyarwanda wana *inyanya*, yote kwa maana ya tunda hili hili. Mtu aweza kusema kwamba neno lilisafiri na misafara ya biashara kutoka Pwani kwenda Ziwa Nyanza katika karne ya 19, na huenda ni kweli. Lakini hata kama lilisafiri, lilipokewa kwa wepesi kama neno la nyumbani, likavaa kiambishi cha kila lugha bila taabu. Neno la Kinahuatl halikupata bahati hiyo.

Hoja ya tatu ni *tungule*. Kando yake lipo *tunguja*, tunda la mtunguja, mmea wa porini wenye miiba ambao waganga wetu huutumia sana. Mtunguja ni wa jamii moja na nyanya na nyanya chungu. Basi huku Bara mgeni ameitwa kwa jina lililo karibu na mmea wa kienyeji, na kule Visiwani vilevile ameitwa kwa jina lililo karibu na mmea mwingine wa kienyeji. Sehemu mbili zimetoa majina mawili mbalimbali kwa fikira moja: watu walimtazama mgeni, wakaona ua lake, jani lake na harufu yake, wakasema, huyu ni wa ukoo wa wale.

Yafaa kukumbuka kwamba wataalamu wa mimea walitaabika sana katika jambo hili. Linnaeus mwaka 1753 aliiweka nyanya katika jenasi ya *Solanum*, pamoja na mabiringani na mbatata. Mwaka uliofuata Miller aliitoa akaifanyia jenasi yake yenyewe, *Lycopersicon*, nayo ikakaa huko kwa muda wa karne mbili na zaidi. Ilikuwa mwishoni mwa karne ya 20, baada ya vinasaba kuchunguzwa, ndipo wengi walipokubali kuirudisha kwa jamaa zake katika *Solanum*. Mkulima wa Pwani hakuwahi kuitoa. Aliyesema nyanya na nyanya chungu, na aliyesema tungule na tunguja, wote wawili walikuwa wameshika uainishaji uliokuja kuthibitishwa baadaye kwa vyombo vikubwa vya sayansi.

Hapa pana jambo jingine la kuwafaa wachunguzi wa usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilijenga juu ya msingi huo. Lau mambo yangefuata uamuzi huo neno kwa neno, leo watoto wa shule wa Dodoma na Kisumu wangekuwa wakisema *tungule*. Hawasemi hivyo. Neno lililoshinda ni *nyanya*, nalo lilishinda ingawa katika Kenya linagongana na *nyanya* kwa maana ya bibi. Halikushinda kwa amri ya kamati. Lilishinda sokoni, kwa sababu waliolima na kuchuuza nyanya kwa wingi walikuwa watu wa Bara. Kamusi iliandika kile ambacho matenga ya nyanya yalikuwa yamekwisha kuamua.

Milima na Pwani

Ili tuelewe kauli ya bibi yule, hatuna budi kwenda milimani kwanza. Serikali ya Wajerumani ilifanya Dar es Salaam kuwa makao makuu yake mwaka 1891, lakini Wazungu waliona taabu kuotesha mboga za kwao katika joto la Pwani. Wakaitazama milima ya Usambara. Walianzisha shamba la majaribio huko Kwai, karibu na mji walioupa jina la Wilhelmstal, ambao ndio Lushoto. Na mwaka 1902 wakafungua chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo huko Amani. Reli ya Tanga ilipofika Mombo, mazao ya milimani yalipata njia ya kwenda bandarini. Reli ya Kati nayo iliunganisha Dar es Salaam na Morogoro mwaka 1907, na kwa njia hiyo milima ya Uluguru ikawa karibu na mji. Tangu wakati huo mpaka leo, Lushoto na Mgeta zimekuwa bustani za Dar es Salaam, na baadaye zikafuatwa na Ilula na sehemu nyingine za Iringa.

Katika milima hiyo hali ni kama ile ya Edinburgh, ingawa si kwa ukali ule. Usiku wa Juni na Julai huko Lushoto hupata baridi ya kumfanya mtu atafute blanketi la pili. Mbegu ya nyanya huona tofauti hiyo upesi. Katika joto la nyuzi 25 za sentigredi huota kwa siku sita hivi. Katika nyuzi 15 hutaka wiki mbili. Na katika nyuzi 10 huweza kukaa wiki sita ardhini kabla ya kuchomoza, ikiwa haikuoza. Kwa hiyo mkulima wa mlimani hufanya vitalu vyake mahali palipokingwa na upepo, huvifunika majani makavu, na huchagua mbegu zikomaazo upesi. Adui yake mkubwa ni ugonjwa ambao maofisa wa kilimo huuita *bakajani chelewa*, upendao ukungu na baridi. Ndio ugonjwa ule ule ulioangamiza viazi vya Ireland na kuleta njaa kuu iliyoanza mwaka 1845.

Watu wa nchi za baridi hasa walikwenda mbele zaidi katika mashindano haya na majira. Katika Kanada, kituo cha uchunguzi cha Beaverlodge, katika jimbo la Alberta, kilizalisha aina zilizoitwa *Sub-Arctic*, zenye vishina vifupi, zinazowahi kutoa maua na kuivisha matunda kabla sakitu haijarudi. Katika hesabu yao kila wiki moja ni mali.

Sasa tushuke Pwani. Nyanya hustahimili mchana wa joto, illa hutaka usiku wa baridi kidogo, kiasi cha nyuzi 15 hadi 20. Usiku ukizidi joto hilo kwa siku nyingi, chavua hudhoofika, ua halishiki tunda, huanguka. Katika Dar es Salaam usiku wa Januari na Februari, wakati wa kaskazi, joto hukaa kwenye nyuzi 24 au 25. Usiku wa Julai, wakati wa kipupwe, hushuka mpaka 18 au 19. Ndiyo maana ya maneno ya bibi. Nyanya ni mtoto wa kipupwe kwa sababu katika mji huu kipupwe peke yake ndicho kinachompa usiku wa kuzalia.

Hapa ndipo ninapotaka kumfikisha msomaji. Sisi nasi tuna majira mafupi. Mkulima wa Alberta ana majira mafupi ya joto baina ya baridi mbili. Mkulima wa Temeke ana majira mafupi ya baridi baina ya joto mbili. Kila mmoja ana kama miezi mitatu tu ya kupata tunda. Kila mmoja hulazimika kutanguliza miche kabla ya wakati, na kuikinga na majira yanayoondoka, ili ikute majira yanayokuja. Tofauti ni kwamba yule wa Alberta huikinga miche na baridi kwa kioo cha dirisha, na huyu wa Temeke huikinga na mvua kubwa kwa kibanda cha makuti.

Kalenda yake huenda hivi. Masika yakiwa yangali yakinyesha, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, husia mbegu katika kitalu kilichoinuliwa ili maji yasituame, kwa maana maji yakituama huleta *kinyausi*, ugonjwa unaokata mche shingoni. Baada ya wiki tatu au nne, masika yakiisha na kusi likivuma, huatika. Maua hufunguka Julai, katika kitovu cha kipupwe. Kimvua cha mchoo, kikija, hupunguza kazi ya kumwagilia. Matunda huiva Agosti na Septemba, wakati wa demani. Vuli ikifika, bustani imekwisha kazi yake, na tangu hapo mpaka masika mengine mji hula nyanya za milimani.

Msomaji ataona ya kuwa kalenda hii yote imeelezwa kwa majina ya majira na pepo. Mabaharia waliyatumia kwa ajili ya tanga, wakulima wakayatumia kwa ajili ya kitalu. Leo mwanafunzi wa sekondari hujua Januari hadi Desemba bila kosa, lakini ukimwuliza demani ni lini, aghalabu hunyamaza.

Viunga vya mji

Kinondoni na Temeke hazikuwa mji tangu zamani. Zilikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo, pamoja na vijiji vya Wazaramo, kabla ya serikali ya Waingereza kuzipima na kujenga nyumba za Waafrika huko katika miaka ya 1940 na 1950. Watu waliohamia walikuja na majembe yao. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 serikali ilipiga mbiu ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na katika miaka ya 1980, mishahara ilipopoteza thamani, wafanyakazi wengi wa mjini waliligeukia jembe ili watoto wapate kula. Bonde la Msimbazi, bonde la Mzinga, kando za reli na viwanja vya wazi vilijaa matuta ya mchicha, matembele na, kipupwe kilipofika, nyanya.

Wakati huo huo uchunguzi wa mbegu uliendelea kaskazini. Kituo cha Tengeru, karibu na Arusha, kilipata mwenzi mwaka 1992, pale taasisi ya kimataifa ya mboga yenye makao yake Taiwan ilipofungua tawi lake la Afrika. Mwaka 1997 zilitolewa aina mbili zilizoenea sana, *Tanya* na *Tengeru 97*. Tanya ilipendwa kwa ngozi yake ngumu, istahimiliyo safari ya lori. Tengeru 97 kwa kustahimili minyoo fundo na mnyauko. Jina la pili ni la kuwafaa wanahistoria, kwa maana limebeba mahali na mwaka wake.

Hata hivyo ardhi ya viunga imekuwa ikipungua. Katika sensa ya 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Katika ile ya 2022 walikuwa 5,383,728. Mahali palipokuwa na matuta pamesimama nyumba. Bonde la Msimbazi limechafuliwa na maji ya viwanda na ya vyoo, na wachunguzi wameonya mara kwa mara juu ya madini yenye sumu katika mboga zilizomwagiliwa kwa maji yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuhamisha kaya nyingi za bondeni, na baadhi yao walipelekwa Mabwepande. Wakulima wamesukumwa mbali zaidi, mpaka Bunju, Chamazi na Kigamboni.

Maneno ya mbegu

Nimekwisha kueleza habari za ardhi. Sasa niseme habari za maneno, ambayo hayapimwi kwa sensa, lakini nayo yanapungua.

Zamani mkulima alitunza mbegu zake mwenyewe. Alichagua tunda zuri la mche usio na ugonjwa, akaliacha liive sana, akalikamua, akaacha maji yake yachachuke siku mbili tatu mpaka utelezi unaozunguka mbegu uondoke, akaziosha, akazianika kivulini, akazichanganya na majivu na kuzifungia chupani. Kazi hii ilikuwa na vitenzi vyake: *kukamua, kuchachusha, kusuuza, kuanika*, nayo ilifuatwa na *kusia* na *kuatika*. Siku hizi wengi hununua pakiti, na nyingi ni za *mbegu chotara*. Chotara lilikuwa jina la mtu wa wazazi wa mataifa mawili. Leo lasemwa juu ya mahindi, kuku na nyanya. Mbegu ya chotara huzaa sana, lakini watoto wake hawafanani naye, kwa hiyo mkulima hawezi kuitunza, hurudi dukani kila mwaka. Simlaumu, maana mavuno ni makubwa na mji wahitaji chakula. Nasema tu kwamba kazi ikikoma, vitenzi vyake vyote hubaki bila kazi. Vijana wengi niliowauliza husema *kupanda* kwa kila jambo: kusia ni kupanda, kuatika ni kupanda, kuchomeka kipando ni kupanda. Mahali palipokuwa na maneno matatu yenye kutenga mambo matatu, limebaki moja.

Serikali nayo imetunga maneno yake. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na kanuni zake zimetuletea istilahi kama *mbegu za daraja la kuazimiwa ubora*. Istilahi hii ni ndefu, lakini imetungwa kwa mizizi ya Kiswahili na yafahamika ikielezwa. Taabu ipo katika maelezo ya pakiti na vitabu vidogo vilivyofasiriwa kutoka nchi za baridi. Mfasiri akikuta agizo la kusia wiki nane kabla ya sakitu ya mwisho, afanye nini? Akilifasiri neno kwa neno, atamwambia mtu wa Mbagala asubiri jambo ambalo halijapata kutokea Mbagala. Fasiri ya kweli ya agizo hilo ni hii: sia wiki nne kabla ya masika kuisha. Mtu hawezi kuifikia fasiri hiyo kwa kamusi ya lugha mbili peke yake. Sharti ajue kipupwe ni nini, na nyanya yataka nini katika kipupwe.

Isidhaniwe kwamba wakulima wenyewe wamekoma kutunga. Mwaka 2014 alionekana nchini mdudu mharibifu wa asili ya Amerika ya Kusini, *Tuta absoluta*, ambaye alikuwa amevuka bahari na kuonekana Hispania mwaka 2006. Katika muda mfupi aliteketeza mashamba kwa mashamba. Kabla wataalamu hawajampa jina la Kiswahili, wakulima walikwisha kumwita *kantangaze*. Neno hili ni sentensi nzima: *kanitangaze*, yaani nenda ukanitangaze. Mwanaisimu aona humo kiambishi *-ka-*, kiambishi *-ni-* cha mtendwa kilichopoteza irabu yake mbele ya *t* kama isikikavyo katika usemi wa kila siku, shina, na *-e* ya dhamira. Mkulima aona humo mdudu mwenye kiburi, anayemwambia mwenye shamba: huna la kunifanya, basi waambie na wenzako nimefika. Hakuna kamati iliyoweza kutunga neno bora kuliko hilo.

Sokoni nako lugha ni hai. Nyanya hupimwa kwa *tenga*, huuzwa kwa *fungu*, na zile zilizopondeka au kuanza kuoza huitwa *masalo*, nazo ndizo mboga ya mtu asiye na fedha. Neno *masalo* lina umbo safi kutoka kitenzi *kusalia*, nalo latumika kila siku katika masoko ya Temeke na Tandale. Na mwanafunzi wa uchumi anayetaka kujua maskini wa mji hula nini, hana budi kulijua.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba wasemaji wa Kiswahili walipoipokea nyanya hawakuipokea kama watu wasio na elimu. Waliitazama, wakaijua ukoo wake, wakaipa jina linaloistahili. La pili ni kwamba waliyatazama na majira yao, wakaona kuwa kipindi kifupi cha ubaridi ndicho cha kukimbilia, wakaihifadhi elimu hiyo katika majina ya pepo na vitenzi vya kitalu.

Taasisi yetu ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ilifanya kazi kubwa ya kukusanya maneno ya vitabuni na ya watu. Naona imebaki kazi ya kwenda bustanini kwa makusudi, kuandika maneno ya kilimo pamoja na maana zake kamili, mahali yanaposemwa na wakati wa mwaka yanapotumika, wakati ambapo wenye kuyasema wangaliko. Wanafunzi wetu wa uzamili hutafuta mada za utafiti. Mada hii iko umbali wa nauli moja ya daladala kutoka Mlimani.

Bibi yule wa Temeke sasa halimi tena. Sehemu kubwa ya kiwanja chake imejengwa nyumba ya wajukuu. Lakini mwaka uliofuata kosa langu nilisia mwezi wa Mei kama alivyoniagiza, na mwezi wa Agosti nilimpelekea kapu la nyanya. Alizigeuza mkononi moja moja, akatenga mbili zilizo nzuri kuliko zote, akanirudishia. "Hizi usile," akasema. "Hizi ni mbegu."